Udongo wa Kumpa Mgeni

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi: mawingu mepesi upande wa mashariki, upepo kidogo, kipima mvua kikavu.

Leo shamba la chini limeponea chupuchupu. Shemeji yangu, yule kitinda mimba anayetengeneza pikipiki, alikuja na mfyatua matofali kabla hatujamaliza chai. Mfyatua matofali ni mtu mpole, mwenye udongo mpaka kwenye viwiko hata akiwa amevaa shati la kutokea. Wiki iliyopita aliruhusiwa kuchimba shimo la majaribio pembeni mwa shamba, na amekipenda alichokikuta. Anataka kulikodi. Tukikubali atachimba lote, na kila mtu anajua kinachobaki mahali palipotoka matofali: mashimo na vyura.

"Mama," shemeji akasema, "misimu miwili shamba limetutia aibu. Limechoka. Tumwachie bwana huyu."

Mama mkwe alikuwa anachambua mbegu kwenye ungo. Hakuinua uso. "Na wewe mwanangu unasemaje?" akaniuliza mimi.

Nikasema naomba msimu mmoja nililime kwa ushauri wa modeli. Shemeji alicheka mpaka akapaliwa.

Niiandike vizuri hapa, maana nimechoka kuieleza kwa mdomo. Modeli ni programu ya kompyuta ya ofisi ya kilimo. Inapewa habari za mvua, joto, aina ya mbegu na udongo wa shamba lako, nayo inaotesha mahindi ya hesabu siku baada ya siku, kabla hujaotesha ya kweli. Inaona mapema lini yatakuwa na kiu, lini yatataka mbolea, lini ni heri kusubiri. Mwezi uliopita afisa kilimo alizungukia nyumba za kikundi chetu cha wakulima na mifuko ya plastiki akikusanya udongo. Tangu hapo jina lake ni Bwana Mifuko. Siku aliyofika kwetu nilikuwa kliniki na mtoto, mama mkwe ndiye aliyempokea. Kazi yangu mimi ni kusoma kipima mvua kila asubuhi na kumtumia kipimo kwa simu. Ushauri unarudi kwa simu hiyo hiyo.

"Kwa hiyo kuna shamba ndani ya kompyuta," mama mkwe akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na ndege je, hawaingii?"

"Hawaingii."

"Basi wakulima wa humo wamepata raha."

Akaweka ungo chini, akatoa hukumu. Ghala letu lina mbao nne mlangoni, tunazipachika moja juu ya nyingine kadiri mahindi yanavyopanda. Yakijaza mpaka ubao wa nne, tunakula mpaka mavuno mengine. Mwaka jana yaliishia wa pili. "Msimu mmoja," akasema. "Ubao wa nne ukijaa, shamba linabaki. Chini ya hapo, bwana huyu alete vijana wake."

Mfyatua matofali akakubali kwa kichwa. Shemeji akanipa mkono kama mtu anayeaga msafiri: "Kila la heri, Bi Kompyuta."

Mume wangu yuko njiani na lori. Kwenye simu alisema neno moja tu: "Usigombane na Mama." Sijagombana na mtu.

Kulala: saa nne.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua ya kwanza, milimita 6. Harufu ya vumbi lililolowa imejaa mpaka chumbani. Watu wote wametoka na majembe. Ujumbe: *Usipande bado. Mvua hii haitoshi na siku kavu zinafuata.*

Jumapili, 10 Machi

Jua. Sisi peke yetu hatujapanda. Jirani yetu, Mama Pacha, alisimama kwenye mpaka akauliza kama tuna mgonjwa nyumbani. Mama mkwe alimjibu, "Tunasubiri kompyuta ishibe." Aliniangalia kwa jicho la pembeni, lakini jembe hakulishika.

Jumatano, 13 Machi

Jua. Ukifukua mashimo ya Mama Pacha, mbegu zimevimba na kuanza kuoza.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua kubwa toka alfajiri, 27. Ujumbe: *Panda leo au kesho.*

Jumamosi, 16 Machi

Tumemaliza kupanda. Mbegu mbili kila shimo, kama mama mkwe anavyopanda siku zote. Mgongo si wangu tena.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua 14. Yameota! Mistari imenyooka kama imechorwa. Mama Pacha amerudia kupanda zaidi ya nusu ya shamba lake. Leo asubuhi nilimkuta mama mkwe ameinama kwenye kipima mvua kabla yangu, anachungulia.

Alhamisi, 28 Machi

Kavu.

Jumanne, 2 Aprili

Kavu. Upepo wa joto toka adhuhuri.

Jumatatu, 8 Aprili

Kavu, mbingu nyeupe. Saa sita mchana majani ya shamba la chini yalikuwa yamejikunja kama vijiti. Jioni yalifunguka kidogo. Ujumbe wa leo: *Udongo wa shamba lako bado una maji ya kutosha. Weka mbolea ya kukuzia wiki hii.*

Nimeusoma mara tatu. Macho yangu yanaona kitu kimoja na simu inasema kingine. Nikiweka mbolea kwenye vumbi hili nitayaunguza. Mama mkwe ameuliza, "Kompyuta inasemaje?" Nikamwambia. Akaokota konzi ya udongo, akaiachia ipeperuke mbele ya uso wangu, akaenda zake.

Mbolea sijaweka. Kulala: saa tano na nusu, kwa kujigeuzageuza.

Alhamisi, 11 Aprili

Kavu. Nimeandika neno hilo mpaka limepoteza maana.

Leo mbuzi wa Mama Pacha alitumbukia kwenye shimo la mfyatua matofali. Alikuwa analia kama mtu anayedai haki. Nilishuka kumtoa, shimo linanifika kifuani, na nilipokuwa nahangaika kumpandisha nikajikuta uso kwa uso na ukuta wa udongo. Mbuzi akatoka. Mimi nikabaki.

Kutoka juu mpaka kama urefu wa paja ni mchanga, mweupe, kama ule wa kujengea. Nikiukwangua kwa kidole unamiminika. Chini yake ndipo kuna mfinyanzi mwekundu, mzito, na nilipouminya ulikuwa na ubaridi.

Nikatoa simu mfukoni, nikatafuta maelezo ya shamba letu aliyotutumia Bwana Mifuko mwanzoni. Yanasema: *Udongo mweusi, wa kina, wenye samadi nyingi.*

Nilipanda kutoka shimoni nikaenda moja kwa moja jikoni.

"Mama, ule udongo aliochukua Bwana Mifuko, alichimba wapi?"

"Hakuchimba. Nilimchimbia mwenyewe."

"Wapi?"

Akakoroga sufuria. "Nyuma ya zizi. Kwenye bustani ya mboga."

"Lakini aliomba udongo wa shamba la chini!"

"Najua alichoomba." Sasa akanigeukia. "Mtu katoka ofisini, amevaa viatu safi, anakuja nyumbani kwangu ananiomba udongo. Ulitaka nimpe ule mchanga? Aubebe kwenye mfuko unaoonyesha kila kitu, aupitishe njia nzima, watu waseme nyumba hii haina hata udongo? Mgeni anapewa kilicho kizuri. Hivyo ndivyo nilivyolelewa."

Mwezi mzima kompyuta imekuwa ikikuza mahindi yetu nyuma ya zizi, kwenye samadi ya miaka yote, yakinywa maji ambayo hayapo.

"Kwani kuna ubaya?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi kwenye kigoda, mwiko mkononi, akasema, "Sasa mimi ningejuaje kwamba udongo nao una siri?"

Ijumaa, 12 Aprili

Kavu. Nimezunguka kwa wanakikundi. Mama Pacha: "Mimi? Nilimpa wa chini ya migomba, dada, mzuri huo!" Kwa fundi seremala ilikuwa vichekesho zaidi. Aliuona udongo wake wote haufai kuonyeshwa, akaazima ndoo ya udongo kwa shemeji yake wa mtaa wa pili. Hakuna hata mmoja aliyetoa udongo wa shamba lake. Tulicheka mpaka mke wa seremala akafuta machozi, halafu kila mmoja akageuka kuangalia shamba lake.

Nikampigia Bwana Mifuko. Nikamweleza.

"Dada, unamaanisha kikundi kizima?"

"Kizima."

"Na mimi huku ofisini nimewasifu kwamba nyie mna ardhi bora kuliko wote." Nikamsikia akipumua. "Nilitakiwa nichimbe mwenyewe. Nilikuwa na haraka, na akina mama walikuwa wameshaandaa ndoo. Nakuja kesho."

Jumamosi, 13 Aprili

Kavu. Amekuja na gambuti na jembe lake. Amechimba sehemu kadhaa shambani, kisha akashuka kwenye shimo la mfyatua matofali na kukaa humo muda mrefu kuliko yule mbuzi. Mama mkwe alisimama ukingoni akiwa amejifunga kanga kifuani, anamwangalia kama mtu anayeangalia daktari.

"Nilikupa uongo, baba," akamwambia.

"Ulinipa heshima, Mama. Mimi ndiye ambaye sikuuliza."

Sikutegemea jibu hilo kwake. Nilikuwa nimemweka kwenye kundi la watu wa kuja na kuondoka.

Jumapili, 14 Aprili

Kavu. Ujumbe mpya umefika saa kumi jioni, na nimeusoma nikiwa nimesimama: *Udongo wa juu hauna maji. Mahindi ni mengi mno kwa maji yaliyobaki. Acha mmea mmoja kila shimo, ng'oa wa pili. Funika udongo kwa nyasi kavu. Usiweke mbolea mpaka mvua ifike milimita 20. Mizizi ikifika kwenye mfinyanzi, yatastahimili. Mvua huenda isije kabla ya tarehe 24.*

Ng'oa wa pili. Nusu ya shamba.

Nilimsomea mama mkwe. Aliniomba nirudie. Nikarudia.

"Hapana," akasema.

"Mama, yakibaki yote yatagombania maji na kufa yote."

"Nimeyapanda kwa mkono huu. Sijawahi kung'oa kitu kinachopumua kwa sababu simu imesema. Simu hiyo hiyo wiki iliyopita ilisema kuna maji!"

"Wiki iliyopita ilisema kwa udongo wa zizi."

Nilijua nimekosea kabla neno halijatoka. Akanyanyuka, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu, na hilo ni baya kuliko kama angeubamiza.

Mume wangu amepiga simu. Nikamwambia nimegombana na Mama. Akacheka kwa huzuni: "Nilijua tu. Utafanya nini?" Nikamwambia sijui. Nimekaa na kiberiti cha taa mkononi. Nikikosea, nitakuwa nimempa mfyatua matofali shamba kwa mikono yangu mwenyewe, mmea mmoja mmoja. Nisipong'oa, nasubiri tu kuyaona yakikauka, na hakuna atakayenilaumu. Hilo la pili ndilo rahisi, na ndilo linalonitisha.

Kulala: sikumbuki. Taa ilikuwa imeishiwa mafuta.

Jumatatu, 15 Aprili

Kavu, hata umande hakuna. Nimeanza saa kumi na mbili kamili, peke yangu, kona ya mbali ili nisionekane kutoka jikoni.

Unaangalia mimea miwili kwenye shimo moja, inafanana kama mapacha, na unachagua. Kwenye mistari ya kwanza niliiomba radhi, kwa sauti. Baadaye nikaacha kuongea.

Saa tatu pikipiki ikasimama barabarani. Shemeji.

"Shemeji! Msimu huu mavuno yamewahi!"

Nikaendelea kung'oa.

"Jamani, mahindi hayajafika hata magotini, mwenzetu anavuna! Hiyo ndiyo teknolojia!" Alisubiri nimjibu. Nilipoinua uso aliuona, akaacha kucheka, akawasha pikipiki akaondoka.

Jua lilipokuwa utosini nikaona kivuli kifupi kikisimama kando yangu. Mama mkwe, na kikapu. Nilijiandaa kwa lolote.

"Unang'oa vibaya," akasema. "Ukivuta hivyo unatikisa na mwenzake. Kanyaga hapa kwanza." Akaweka kisigino kwenye shina la ule unaobaki, akavuta mwingine kwa mkono mmoja. Ukatoka bila kelele. Akautazama, akauweka kikapuni. "Ng'ombe atakula. Tusipoteze."

Tukaenda hivyo, mistari miwili sambamba. Karibu na mwisho akasema bila kuniangalia, "Udongo wa zizi. Ulisema kweli, lakini ulisema kama mtoto wa shule."

"Nisamehe, Mama."

"Kanyaga kwanza. Umesahau tena."

Kulala: saa mbili, na nguo za shambani.

Jumatano, 17 Aprili

Kavu. Shemeji ameleta nyasi kavu kwa pikipiki, safari baada ya safari, mzigo mkubwa kuliko yeye. "Si kwa ajili ya kompyuta yako," akasema. "Mama anaumwa mgongo." Akabaki kutandaza mpaka giza.

Ijumaa, 19 Aprili

Kavu.

Jumapili, 21 Aprili

Kavu. Chini ya nyasi udongo una ubaridi ukitia kidole. Mama mkwe anatia kidole kila jioni, anadhani simwoni.

Jumatano, 24 Aprili

Ndiyo siku yenyewe. Mawingu asubuhi. Watu wote wa nyumba wamekuwa wakitembea huku wameinua nyuso. Saa nane yametawanyika.

Shemeji hakusema neno. Ningependa angesema.

Alhamisi, 25 Aprili

Kavu. Nimeusoma tena ujumbe wa tarehe 14. Ulisema "huenda". Mimi niliruka neno hilo kwa sababu nilitaka tarehe. Kompyuta haikuahidi kitu. Niliyeahidi ni mimi, kwa watu wa nyumba hii. Nimemwambia mama mkwe hivyo. Akasema, "Mvua haijawahi kuniahidi hata mimi, na tumejuana zamani."

Mahindi bado yako wima. Ya Mama Pacha, mawili mawili shimoni, yameanza kugeuka njano chini. Alikuja leo kuuliza namna ya kung'oa. Mama mkwe alimwonyesha kisigino.

Jumapili, 28 Aprili

MVUA. Imeanza alfajiri na bado inanyesha ninapoandika. Kipima kilijaa 34. Mama mkwe alitoka nje na kusimama katikati ya uwanja mpaka kanga ikaganda mwilini. Mtoto akamfuata. Sikuwaita ndani.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua 11. Tumeweka mbolea. Udongo unashikana mkononi.

Jumatano, 22 Mei

Mvua 8. Yamenipita urefu. Ukiingia katikati husikii barabara.

Jumatano, 19 Juni

Ukungu asubuhi. Mfyatua matofali alipita kuangalia shimo lake. Alipapasa hindi moja, akabinya ncha yake. "Hili limejaa," akasema, na uso wake haukuwa wa mtu anayehesabu hasara. Nilimpa maji ya kunywa. Kumbe siku zote nilimwona kama adui, naye ni mtu anayetafuta udongo tu, kama sisi.

Alhamisi, 25 Julai

Jua zuri, safari hii halinichukizi. Tunavuna. Mume wangu yupo, na anabeba magunia kama mwenye deni.

Jumanne, 6 Agosti

Asubuhi ya baridi, mbingu safi. Mahindi yamekauka, leo tumeyaingiza ghalani.

Ubao wa kwanza ulizama. Wa pili ukazama, tukapita ya mwaka jana. Wa tatu tuliupachika kwa kushangilia, nao ukajaa. Mume wangu akapachika wa nne, tukamimina yaliyobaki. Mahindi yakapanda kidogo juu ya ukingo wake wa chini, yakakomea hapo. Upana wa kiganja, labda. Ubao wenyewe ukabaki karibu wote wazi.

Mfyatua matofali alikuwepo, alikuja kupokea jibu lake kama tulivyokubaliana. Shemeji aliangalia chini, akasema polepole, bila dhihaka hata kidogo: "Makubaliano yalikuwa kujaza ubao wa nne, Mama."

Nilikuwa nimeshajiambia nitakubali. Nikasema, "Ni kweli."

Mama mkwe akasogea mlangoni, akaweka kiganja juu ya mahindi, akayasawazisha kama anayetandika kitanda.

"Ni kweli," akasema. "Lakini msimu huu ulianza na uongo wangu. Mwezi mzima tulilima shamba ambalo halipo. Huyu aliomba msimu mmoja, na mimi nikampa nusu." Akamgeukia mfyatua matofali. "Baba, unisamehe kwa kukusumbua. Nataka nione msimu mmoja ambao hatujamdanganya mtu. Shamba silitoi."

Mfyatua matofali alijikuna kiwiko, vumbi jekundu likadondoka. "Mama, mwaka huu nimechimba mashimo mengi. Hilo lako ni la kwanza kumsaidia mtu." Akaomba jembe ili akalifukie shimo. Shemeji ndiye aliyemletea, na akachukua la pili akaongozana naye.

Mimi niliingia nyuma ya ghala nikalia kidogo. Si kwa huzuni.

Kulala: saa nne.

Jumanne, 20 Agosti

Asubuhi: mawingu yanayosafiri haraka, upepo toka kusini, kipima mvua kikavu, nimekisugua kwa ajili ya msimu mpya.

Bwana Mifuko amekuja kuchukua upya udongo wa kikundi kizima. Anasema kwa udongo wa kweli modeli inaweza kutuchagulia mbegu inayokomaa mapema, na labda kunde katikati ya mistari. Nilikuwa bado natafuta viatu vyangu nilipowasikia wakiteremka. Mama mkwe alikuwa mbele, jembe begani, na fundi seremala na Mama Pacha nyuma, wamekuja kujifunza.

Nilipowafikia walikuwa wamesimama kwenye kile kipara cha juu, pale ambapo hata majani hayaoti vizuri, mahali ambapo mama mkwe huwapitisha wageni kwa haraka huku akiwaonyesha kitu upande wa pili.

"Anzia hapa, baba," akamwambia, na akapiga jembe yeye mwenyewe. Mchanga ukamwagika, mweupe, mbele ya majirani wote. "Hapa ndipo pabaya kuliko pote. Jaza mfuko."

Bwana Mifuko akajaza. Mama mkwe akaushika ule mfuko, akauinua juani, akaugeuza huku na huku watu waone vizuri, kisha akamkabidhi.

"Andika jina langu," akasema.

Kulala: saa mbili na nusu, kabla mama mkwe hajazima redio yake.